Nilimdanganya afisa wa ustawi kuhusu kazi yangu, sasa naogopa tutamkosa mtoto

Shikamoo mshauri,

Samahani barua itakuwa ndefu, naandika saa saba usiku, wenzangu wote wamelala na hii ndo saa pekee ninayoipata. Jina langu naomba usilitoe.

Nina miaka 38, nina mume na binti mmoja wa miaka nane. Baada ya binti nilipoteza mimba mbili, afu daktari akatushauri tusijaribu tena. Tulikaa na hilo jambo muda mrefu, tukalia, tukanyamaza, mwaka juzi ndo tukakubaliana tuasili mtoto. Safari yenyewe nisiieleze sana, waliopita huko wanaijua, fomu, cheti cha polisi, vipimo, barua za wadhamini, semina za wazazi, kusubiri, afu kusubiri tena. Miezi miwili iliyopita tukapangiwa mtoto wa kiume, miaka mitatu na nusu, yuko makao ya watoto toka akiwa mchanga. Kila Jumamosi tunaenda kumuona.

Sasa wiki iliyopita, mshauri, sijui hata niielezeje. Mi ni mhasibu na ilikuwa wiki ya kufunga hesabu za robo mwaka, pale kwetu wiki hiyo hata ukiumwa unaumwa kimya kimya. Mume alisafiri kikazi Jumapili, kurudi ni Jumamosi usiku. Mama mkwe tunaishi naye, alivunjika nyonga mwaka jana na mpaka leo kuingia bafuni ni lazima mtu amshike.

Jumanne niko kwenye kikao simu inaita, afisa ustawi wa jamii. Anasema ile ziara ya nyumbani ya mwezi ujao imewahishwa, angependa aje Alhamisi hii saa tisa mchana, kama tunaweza. Nilikuwa nimejibanza kwenye ngazi za ofisi nanong'ona kama mtu anayeiba, maana ofisini hakuna hata mmoja anayejua kwamba naasili. Nikasema tunaweza. Nilivyokata simu ndo nikakumbuka Alhamisi saa nane na nusu binti yangu ana igizo shuleni. Alikuwa anaigiza mwezi. Wiki tatu alikuwa anajifunza maneno yake mbele ya bibi yake, mpaka bibi anayajua kuliko yeye.

Jumatano usiku nimesafisha nyumba mpaka nyuma ya friji, kama afisa anakuja kukagua vumbi vile. Nikafungua begi la binti kutafuta karatasi ya kusaini, nikakuta mchoro. Kachora familia yetu, baba, mama, bibi, yeye mwenyewe, na pembeni mtoto mdogo wa kiume, shati lina vifungo, viatu vina kamba, kila kitu kipo. Ila uso hakuchora, kauacha mweupe. Nilikaa na ile karatasi jikoni sijui dakika ngapi.

Alhamisi nikaaga ofisini kwamba nampeleka mama mkwe hospitali. Igizo nikalikosa. Afisa akaja, mama mpole kabisa, ila akaniuliza kuhusu kazi, akija mtoto itakuwaje. Nikajibu bosi anajua na nimeshapewa miezi mitatu. Yani lilitoka tu mdomoni. Bosi hajui chochote! Afu mama mkwe, akidhani ananisifia, akamwambia afisa "huyu ni mchapakazi, saa nane usiku namsikia bado anabonyeza kompyuta." Afisa akaandika. Hapo hapo binti akaingia, kaletwa na mzazi mwenzangu, bado kavaa nguo zake za mwezi, karatasi ya kung'aa imemng'ang'ania kwenye paji la uso. Afisa akamuuliza, unajisikiaje kupata mdogo wako? Binti akaniangalia. Akanyamaza. Akaomba akabadilishe nguo, na hakurudi tena sebuleni.

Ijumaa bosi kaniita, nilijua nimekamatwa. Kumbe ananipandisha cheo, mkuu wa kitengo. Mshahara unapanda vizuri na kwakweli pesa tunaihitaji, hasa mtoto akiongezeka. Ila ni kusafiri kwenda kwenye matawi kila mwezi, karibu wiki moja na nusu nje ya nyumba. Jibu anataka Jumatatu ijayo.

Jumamosi nimeenda makao peke yangu. Mtoto kaniona tu kakimbia, "mama! mama!", kanirukia. Ana upendo huyu mtoto, hata fundi aliyekuja kutengeneza bomba siku hiyo alimkumbatia. Alikaa mapajani kwangu saa nzima anachezea zipu ya mkoba wangu. Usiku natafuta funguo nikakuta kipande cha mkate ndani ya mkoba, kimefungwa kwenye karatasi laini, kimeshikwa shikwa mpaka kimekuwa kigumu. Kaniwekea zawadi. Nililia mpaka mume aliyekuwa ndo anaingia akaogopa.

Nimemuuliza mume tufanyeje, anasema "we amua, mi niko nyuma yako." Sasa niamue nini mshauri? Nikubali cheo? Nikiri kwa afisa, na nikikiri si watatunyima mtoto? Au niombe tusogeze mbele miezi sita nipumue kwanza? Na binti yangu je, kama hamtaki? Naona aibu, watu wanaotaka mtoto kwa dhati hawawi hivi.

Mama anayesubiri

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, na pale kwenye mkate nilisimama. Nitarudi hapo mwishoni.

Kwanza nikuambie nilichokisikia, kama nimekosea unisahihishe. Umeniuliza kuhusu cheo, kuhusu kukiri, kuhusu kusogeza, kuhusu binti. Ila nikifuata wiki yako siku kwa siku naona kitu kimoja kinajirudia. Ofisini hawajui kuna mtoto anakuja. Afisa hajui ofisini hawajui. Mume anajua habari zote ila sidhani kama anajua umechoka kiasi gani, mpaka alivyokukuta unalia. Na binti anajua mtoto anakuja lakini hajui yeye atakuwa nani akishafika. Umegawa maisha vyumba vinne na wewe ndo unakimbia kati ya chumba na chumba unafunga milango. Hesabu za robo mwaka zinachosha, sawa, mama mkwe anahitaji kushikwa, sawa, lakini mwanangu kazi ya kufunga milango nayo inakula nguvu, na hiyo hujaihesabu popote.

Umesema wanaotaka mtoto kwa dhati hawawi hivi. Mi nimeongea na wazazi wengi wa kuasili na wengi wao walikuwa hivi hivi. Mwanamke mwenye mimba anaonekana, tumbo lenyewe linamuombea kiti, watu wanampunguzia kazi bila yeye kufungua mdomo. Wewe unambeba mtoto huyu mwaka wa pili sasa na hakuna anayeona. Na kabla yake ulibeba wawili ambao hawakufika. Umewataja kwa mstari mmoja tu ukapita haraka, nikajiuliza kama kuificha hii safari ofisini haina uhusiano na hilo, kwamba ulishawahi kuwaambia watu habari njema afu ukalazimika kurudi kuwaambia vingine. Sijui, labda sivyo. Jiulize tu.

Sasa afisa. Wewe unamuona kama mtu aliyekuja na rungu la kukunyang'anya mtoto. Kazi yake kweli ni kumuangalia mtoto kwanza, hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 21, unasema kwenye kuasili maslahi ya mtoto ndo yatangulie kuliko yote. Lakini tathmini ya nyumba haifanywi ili apatikane mzazi asiye na doa, angekuwa anatafutwa huyo basi watoto wote wangebaki makao. Wanachotaka kujua ni kama mkipata shida mtaisema au mtaificha, maana shida zitakuja tu. Afu mama mkwe wako alishasema ukweli mbele yake, kwamba hulali. Mtu aliyesoma kazi hiyo akasikia maneno hayo huku wewe unamwambia mambo yote yako sawa, naamini kuna swali kabaki nalo.

Ukimpigia ukamwambia "nilisema nimeshapewa likizo, ukweli ni kwamba bado sijaomba, niliogopa", hatari ipo, sikufichi. Anaweza kuiandika, anaweza kuchelewesha ripoti, anaweza kutaka kuja tena. Hatari ya kunyamaza nayo unaijua, kwamba sehemu nyingi huombwa barua ya mwajiri au hupigwa simu ofisini, na jambo dogo ulilolisema kwa woga likigunduliwa na mwingine linageuka udanganyifu kwenye faili. Kuna watu wamechagua njia ya katikati, wanaenda kwanza kwa mwajiri wakaomba hiyo likizo kweli, ndo wakampigia afisa wakiwa na jibu mkononi. Ina uzuri wake, ila bosi wako anataka jibu Jumatatu na likizo inaweza isijibiwe kwa haraka hiyo, kwa hiyo siku zinakubana.

Kuhusu likizo yenyewe, je unajua una haki gani? Maana barua nzima umeongea kama vile utakuwa unaomba hisani. Kila nchi ina sheria yake, kuna zinazompa mzazi wa kuasili likizo sawa na aliyejifungua, kuna zinazotoa siku chache, nyingine inategemea umri wa mtoto, nyingine hakuna kitu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwenye Pendekezo lake namba 191 la mwaka 2000 limesema pale ambapo kuasili kunatambuliwa, wazazi hao nao wapate ulinzi wa uzazi, likizo ikiwemo. Pendekezo si sheria, bosi halimfungi. Lakini soma mkataba wako wa kazi na sheria ya kazi ya kwenu kabla hujaingia ofisini kwake, usiende na machozi peke yake.

Na hicho cheo, umekiandika kama mlango wenye pande mbili tu, kukubali au kukataa. Umeshauliza kama kinaweza kuanza baada ya mtoto kuzoea nyumba? Kama hizo safari mwaka wa kwanza anaweza kwenda msaidizi? Inawezekana jibu likawa hapana na wakampa mtu mwingine, na hilo litakuuma, umekifanyia kazi miaka yote hiyo na sitakuambia ni kitu kidogo. Inawezekana pia bosi akikosa kujua sababu atatafsiri kusitasita kwako anavyotaka yeye. Upande wa pili ukikubali bila kusema lolote, pesa itaingia, nyumba itapumua, ila mtoto ambaye maisha yake yote walezi wamekuwa wakipokezana zamu atakuja kwako akute na wewe unaingia na kutoka. Kama ndo hivyo basi ni lazima kuwe na mtu mmoja mwingine asiyeondoka, na hapo ndo namfikia mume.

Mwanangu, kwenye barua yote hii mume kasema sentensi moja. Faili la kuasili lina majina mawili, sio lako peke yako na msaidizi. "Niko nyuma yako" ni neno zuri na naamini kalisema kwa mapenzi, lakini aliye nyuma hakioni kinachokuja mbele. Je yeye kazini kwake wanajua? Yeye hawezi kuchukua miezi miwili, na wewe mmoja, au mkapishana? Inawezekana hujawahi kumuuliza, kwa sababu kwenye kichwa chako likizo ni ya mama. Pengine ukimuuliza "wewe unaogopa nini kwenye hili jambo" utapata sentensi ya pili.

Kusogeza mbele miezi sita. Natamani ningekuambia pumzika tu, mtoto atasubiri. Ila kuna utafiti ulianza mwaka 2000 kule Bucharest, Romania, walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye vituo, nusu wakapewa familia za kuwalea, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia wakakua vizuri zaidi kwa mambo mengi, na waliopata mapema ndo walifaidika zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu miezi sita ni mingi. Na anaweza kupangiwa familia nyingine, ulizia utaratibu wa kwenu hapo ukoje. Lakini pia kuna mzigo wa upande wako, wazazi wanaompokea mtoto wakiwa wameshaishiwa nguvu huweza kudondoka kwenye huzuni nzito baada ya mtoto kufika, inawapata wa kuasili kama inavyowapata waliojifungua, afu wanaona aibu kuisema kwa sababu si walimtaka wenyewe. Kwa hiyo simaanishi ujikaze. Kati ya sasa hivi na miezi sita kuna wiki tatu, kuna mwezi, kuna kumuomba afisa huyo huyo akusaidie kupanga. Hilo halijaonekana kwenye barua yako.

Binti. Uliona uso mweupe ukasoma "simtaki". Mi nimeona vifungo vya shati na kamba za viatu. Mtoto asiyetaka mtu hakai kumchorea kamba za viatu. Je ameshawahi kumuona? Umesema mnaenda kila Jumamosi lakini hukusema kama naye anaenda. Kama hajamuona basi ameacha uso kwa sababu haujui, ni mtoto mkweli tu. Na pale sebuleni alikuwa ametoka kwenye igizo ambalo mama yake hakuja, anaulizwa mbele ya mgeni kuhusu mtoto ambaye ndo sababu mama hakuja. Angejibu nini? Ibara ya 12 ya ule mkataba inampa mtoto haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu, na yanayomhusu hapa ni mengi. Labda kabla ya kumuuliza chochote kuhusu mdogo wake muombe akuigizie mwezi, maneno yote, wewe na baba yake mmekaa chini, bibi awe mkumbushaji maana anayajua. Omba radhi kwa igizo peke yake, usichanganye na maelezo ya afisa. Mengine atayaleta mwenyewe, na inawezekana akaleta hasira, uipokee.

Sasa huyu mdogo. Umesema ana upendo, hata fundi wa bomba alimkumbatia. Nisikuvunje moyo, huenda ni mchangamfu kweli. Lakini watoto waliolelewa na watu wengi wa kupokezana mara nyingi hukimbilia kila mtu mzima anayeingia, kwa sababu bado hawajajua kwamba kuna mtu mmoja ni wao. Nakuambia sasa ili akishakuja nyumbani, na miezi ya mwanzo labda akakukataa wewe, akakulilia usiku, akamng'ang'ania jirani badala yako, usije ukasema hanipendi tena. Inaweza kuwa ndo anaanza kukujaribu kama utabaki. "Mama" aliyokuita Jumamosi ni neno analolijua, maana yake bado mnaitengeneza nyie wawili.

Na mkate. Inawezekana ni zawadi, na kama ni zawadi ni kubwa. Lakini watoto wengi wa makao huficha chakula, chini ya mto, kwenye mfuko, kwenye soksi, kwa sababu kesho haina uhakika. Waulize walezi wake kama ana tabia hiyo. Kama anayo usimkataze wala usimcheke, akija nyumbani mpe kikopo chake chenye kifuniko, kikae chini pale mkono wake unapofika, na kisiwe kitupu hata usiku. Muombe binti akipambe. Nilichokiona mimi ni kwamba mtoto anayeweka akiba huweka mahali anapotegemea kupakuta tena, na safari hii kaweka kwenye mkoba wako. Jumamosi ijayo nenda na mkoba ule ule.